Siku Nne Westport: Mwongozo Kamili wa Kukaa Katika Mji Mdogo wa Ireland

Msafiri wa kawaida anayekwenda Ireland hulala Dublin, hudamka alfajiri kupanda basi la watalii, hushushwa pwani ya magharibi akapiga picha za majabali, na usiku huohuo yuko kitandani Dublin tena, hoi. Nami nilikaribia kufanya hivyo. Kilichoniokoa ni ushauri wa dada mmoja Mkenya, muuguzi huko, aliyeniambia nitafute mji mdogo mmoja, niweke begi chini, nikae. Nimeshakaa Westport mara mbili, Juni na Novemba. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufanya hivyo akitokea Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au popote penye watu wetu.

Westport iko kaunti ya Mayo, kando ya ghuba ya Clew Bay, na ina watu wasiofika 7,000. Ulipangwa kwa ramani karne ya 18. Mto Carrowbeg unapita katikati yake kati ya kingo za mawe na miti, na juu kidogo kuna uwanja wenye pembe nane ambako barabara zote hukutana. Mji wote unauzunguka kwa mguu nusu saa. Kwa nini basi siku nne? Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Westport ni siku ya tatu ndipo muuza mkate anakuuliza kama mlima umeshaupanda.

Hatua ya 1: Visa, miezi mitatu kabla

Ireland haimo kwenye Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Visa ya Ufaransa au Ujerumani haikuingizi, na visa ya Uingereza peke yake haimtoshi mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda. Unaomba visa ya Ireland yenyewe, ya muda mfupi, isiyozidi siku 90. Fomu hujazwa mtandaoni. Ukimaliza, unapata karatasi ya muhtasari inayokueleza upeleke wapi pasipoti na vielelezo vyako. Ada niliyolipa mimi ilikuwa yuro 60 kwa visa ya kuingia mara moja.

Wanachotazama zaidi ni taarifa ya benki ya miezi sita. Usiingize fedha nyingi kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba. Afisa ataona rundo la pesa lisilo na asili na atauliza limetoka wapi. Kama ndugu amekuchangia, aandike barua na aambatishe taarifa yake ya benki. Ongeza barua ya mwajiri inayotaja likizo yako na tarehe ya kurudi kazini, bima ya safari, na uthibitisho wa malazi kwa kila usiku. Andika pia barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja, ueleze kwa nini Westport. Wanaosema "natalii Ireland" ni wengi. Anayesema nitapanda mlima wa Croagh Patrick Jumanne na kuendesha baiskeli Jumatano amejieleza.

Kuhusu ndege, mimi hupita Doha, na wengine hupita Dubai au Istanbul. Ukiona tiketi ya bei poa inayopita London, hakikisha kwanza kama utahitaji visa ya kupita, maana watu wamezuiwa kupanda ndege kwa ajili ya hilo. Na ukishafika, kumbuka kwamba Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Mpakani hakuna kizuizi wala askari, unaweza kuuvuka bila kujua, lakini sheria ya visa ipo.

Hatua ya 2: Chagua mwezi kwa kutazama mwanga

Wengi huuliza kuhusu baridi. Ulizia mwanga. Mwishoni mwa Juni jua la Westport huzama baada ya saa nne usiku, na hata baada ya hapo anga hubaki jeupe. Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo siku moja ya Juni ni kama siku mbili za Desemba, na kwa mtu aliyelipa nauli ya kutoka Afrika Mashariki hiyo ni hesabu kubwa.

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi yangu. Julai na Agosti bei za vyumba hupanda. Jumapili ya mwisho ya Julai maelfu ya mahujaji huja kuupanda mlima, na kitanda hukipati usipokiwekea nafasi mapema mno. Ukitaka kuwaona wanaopanda miguu wazi, nenda siku hiyo. Ukitaka utulivu, iepuke.

Mvua itakunyeshea mwezi wowote. Mara nyingi ni rasharasha, na wenyeji huiita siku ya namna hiyo siku laini. Mwavuli uache nyumbani, upepo wa Atlantiki utaugeuza ndani nje kabla hujafika kona. Nunua jaketi la mvua lenye kofia, uvae sweta ndani, na viatu visivyopitisha maji.

Hatua ya 3: Kutoka Dublin

Toka uwanja wa ndege kwa basi au teksi hadi stesheni ya Heuston, upande treni ya Westport. Ni mwendo wa saa tatu na kitu. Treni ni chache kwa siku, kwa hiyo kata tiketi mtandaoni mapema. Ni nafuu zaidi, na unachagua kiti. Ukiingia behewani tazama juu ya viti, kuna kibao kidogo cha taa, na jina lako linawaka pale. Mara ya kwanza nilisimama nikalitazama jina langu la Kiswahili likiwaka kwa herufi za njano katikati ya akina Murphy na Kelly, na nikajisikia nimetarajiwa.

Njiani utavuka mto Shannon pale Athlone, kisha nchi inabadilika: kuta za mawe, kondoo, udongo mweusi wa vinamasi. Kwa Waislamu, kumbuka jina la stesheni ya Ballyhaunis, kabla ya Claremorris. Ni mji mdogo kuliko Westport, lakini una kiwanda cha nyama halali na msikiti uliojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya jamii ya Waislamu iliyokua hapo. Treni za Westport husimama pale, hivyo sala ya Ijumaa inawezekana ukipanga saa zako vizuri.

Kutoka stesheni ya Westport hadi katikati ya mji ni kama dakika kumi kwa mguu.

Hatua ya 4: Nyumba ya kulala

Hoteli zipo, lakini ukitaka kuufahamu mji lala kwenye nyumba ya familia inayopokea wageni na kuwapa kifungua kinywa. Mwenye nyumba atakufungulia mlango mwenyewe. Mwandikie kabla umweleze utafika saa ngapi, maana si mapokezi ya saa 24. Huenda akawa ameahirisha kwenda sokoni akikungoja. Ukichelewa, mpigie.

Chumbani, soketi za umeme ni za pini tatu za mraba kama za kwetu. Adapta huhitaji. Tatizo liko bafuni. Nilioga maji ya baridi siku mbili nzima, Novemba, nikaona haya kuuliza. Siku ya tatu mama mwenye nyumba aliniuliza kama maji yanatosha, nikasema ukweli, akashika kichwa. Akanipeleka mpaka mlangoni pa bafu, akanionyesha kamba nyeupe inayoning'inia kutoka darini. Unaivuta, taa nyekundu inawaka kwenye kisanduku cha shawa, maji yanapata moto papo hapo. Katika nyumba nyingine ni swichi ya hita ya tangi, nayo uiwashe nusu saa kabla ya kuoga na uizime ukimaliza, umeme kule ni ghali na kuisahau ni kosa linalokumbukwa. Uliza jioni ileile unayofika.

Hatua ya 5: Mezani

Kifungua kinywa cha Kiirish ni sahani nzito: mayai, soseji, vipande vya nyama ya nguruwe, nyanya, uyoga, na vile viduara viwili, cheusi na cheupe. Cheusi ni damu ya nguruwe iliyopikwa na nafaka. Cheupe hakina damu lakini bado ni nguruwe. Ukiwa Muislamu, au hupendi tu, sema usiku uliotangulia. Hawanuni. Utaletewa mayai, uji wa oti, au samaki wa salmoni aliyekaushwa kwa moshi, pamoja na mkate wa kahawia uliokandwa kwa magadi badala ya hamira. Mkate huo ukiwa bado moto, ukapakwa siagi yao ya chumvi, utakufanya uombe kipande cha tatu.

Chai ni kali, na maziwa humiminwa kikombeni. Hawayachemshi pamoja kama sisi. Wanakunywa mchana kutwa. Ukikaribishwa chai nyumbani kwa mtu na ukasema hapana, atakuuliza tena, na tena. Hapana ya kwanza haihesabiwi kule, kama isivyohesabiwa Lamu.

Chakula cha jioni kula mapema. Jikoni za mikahawa hufungwa mnamo saa tatu usiku, na baada ya hapo utabaki na chipsi. Agiza kome wa maji ya huko, au supu nzito ya samaki. Bakshishi ni kama asilimia kumi mkahawani ukiridhika, baa hawategemei.

Hatua ya 6: Kusalimia

Hatua hii naiona kuu kuliko zote, na sisi tunaianza tukiwa mbele ya wageni wengine, maana tumelelewa kwenye salamu. Ukiingia dukani Westport usiende moja kwa moja kwenye bei. Anza na hali ya hewa. Ndiyo shikamoo yao. Akisema siku nzuri, nawe useme nzuri kweli, hata kama mawingu yamefunga. Mkishakubaliana hapo ndipo mazungumzo yanafunguka. Barabarani nje ya mji dereva atakunyanyulia kidole kimoja juu ya usukani bila kukujua. Mrudishie mkono.

Wataulizia umetoka wapi. Ukiwa mweusi utaulizwa zaidi, na wapo watakaouliza kwa namna inayochosha. Lakini Mayo swali hilo mara nyingi lina ndugu nyuma yake. Wamisionari wa Kiirish wamekaa Afrika Mashariki miaka mingi mno: masista wa Loreto wapo Kenya tangu 1921, na mapadri wa shirika la Mtakatifu Patrick la Kiltegan walifanya kazi hadi Turkana. Niliposema nimetoka Kenya, mzee mmoja aliyekuwa akinunua gazeti alisimama. Akasema, "Habari gani, mama?" Kiswahili safi, cha bara. Mjomba wake alikuwa padri Lodwar, na maneno hayo mawili matatu aliyarudisha nyumbani kila likizo kama zawadi za watoto. Tulisimama pale dakika arobaini. Gazeti lake lilianza kulowa.

Nawe uliza. Uliza mtu kwao ni wapi, na nani kwao alihama. Kila nyumba ina aliyeondoka. Ila usiite nchi yao Uingereza. Sisi hutumia jina hilo kwa visiwa vyote bila kufikiri, na kwao ni kidonda, kama ambavyo nasi tusingependa kuitwa mali ya mtawala aliyekwisha kuondoka. Kabla hujaizungumzia Njaa Kuu, nenda kaione kwanza Murrisk, nitaeleza chini.

Vibao vya barabarani viko kwa lugha mbili, Kiirish juu. Neno la kujifunza kabla ya yote liko kwenye mlango wa choo: *Fir* ni wanaume, *Mná* ni wanawake. Nimeshawaona wanaume wawili wakiingia penye *Mná* kwa kujiamini kabisa.

Hatua ya 7: Baa na muziki

Hata kama hunywi pombe, ingia baa. Pale ndipo sebule ya mji. Agiza soda, chai, au bia isiyo na kilevi, hakuna atakayekutazama mara mbili. Ndani hakuna moshi. Ireland ilipiga marufuku sigara mahali pa kazi mwaka 2004, ya kwanza duniani kwa nchi nzima, na baa zimo. Watoto wanaruhusiwa pamoja na wazazi hadi saa tatu usiku, na kati ya Mei na Septemba hadi saa nne.

Baa inayojulikana zaidi ni Matt Molloy's, barabara ya Bridge Street, ya mpiga filimbi wa kundi la The Chieftains. Hujaa. Fika saa mbili na nusu, muziki huanza karibu saa tatu na nusu. Wapigaji hawako jukwaani, wanakaa mezani kwenye kona, fidla, filimbi, kodiani, ngoma ya mkononi, na meza hiyo huachwa wazi kwa ajili yao hata kama baa nzima imesimama. Usikae hapo. Wanapopiga, mazungumzo ya chini chini hayana ubaya. Lakini mtu akianza kuimba bila ala, nyamaza kabisa, weka glasi chini taratibu. Niliona baa yenye watu kama themanini ikinyamaza mara moja kwa ajili ya mwanamke mzee aliyeimba amefumba macho huku jirani yake amemshika mkono akiuzungusha polepole, kama anavuta maji kisimani. Wimbo ulikuwa wa Kiirish, sikuelewa neno. Nilikumbuka wazee wa taarabu wanavyokaa wima kusikiliza, mikono magotini.

Jambo moja la heshima: mtu akikununulia kinywaji, umeingia kwenye mzunguko wao, na zamu yako itafika. Kama hutaki kuingia, kataa mwanzoni kwa upole. Kunywa cha mwenzako kisha ukaondoka ni aibu.

Hatua ya 8: Siku za kutoka

Croagh Patrick una mita 764. Mtu wa Kilimanjaro atacheka, asicheke. Unaanzia Murrisk, kama kilomita 8 kutoka mjini, karibu kabisa na usawa wa bahari, kwa hiyo mita zote hizo utazipanda kwa miguu yako. Kwenda na kurudi ni saa tatu na nusu hadi nne. Sehemu ya mwisho ni koni kali yenye mawe yanayoteleza, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Chukua fimbo, maji, na nguo ya ziada. Kileleni kuna kanisa dogo la mwaka 1905, na kwa mapokeo Mtakatifu Patrick alifunga huko siku 40. Ukungu ukishuka na huioni njia, rudi. Kukiwa kweupe, utaona chini yako visiwa vya Clew Bay, vingi, vya kijani, vimemwagika majini kama kunde kwenye ungo. Wenyeji husema viko 365.

Ukishuka, vuka barabara. Pale Murrisk kuna meli ya shaba, kumbukumbu ya taifa ya Njaa Kuu, kazi ya John Behan, iliyozinduliwa 1997. Ukiwa mbali ni meli tu. Sogea. Kamba za milingoti ni mifupa ya watu. Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa uliharibu viazi, watu kama milioni moja wakafa na wengine kama milioni wakahama, huku nafaka na ng'ombe wakiendelea kusafirishwa nje ya nchi. Kaa pale kidogo.

Siku nyingine kodi baiskeli. Njia ya Great Western Greenway ni kilomita 42, juu ya reli ya zamani iliyofungwa 1937, kati ya Westport na Achill, na magari hayapiti. Wengi huanza Westport kwa kuwa ndipo walipolala, kisha wanateseka. Upepo mara nyingi hutoka magharibi. Fanya kama nahodha wa jahazi anayengoja kaskazi: omba kampuni ya baiskeli ikupeleke Achill kwa gari, kisha urudi na upepo mgongoni. Pumzika Mulranny, ule Newport. Ukichoka, ishia Newport.

Siku ya tatu ni Clare Island. Boti huondoka gati ya Roonagh, mbele ya Louisburgh, kama dakika 20 majini. Bandarini utakuta mnara wa mawe wa Grace O'Malley, mwanamke wa karne ya 16 aliyetawala bahari hii kwa merikebu zake, na mwaka 1593 akasafiri hadi London kuonana na Malkia Elizabeth wa Kwanza. Uliza boti ya mwisho ya kurudi kabla hujashuka.

Mbuga za Westport House utatembea bure siku ya mvua nyepesi. Jumba lenyewe hufungwa kwa matengenezo, ulizia kwanza. Mwafrika ajue kwamba sehemu ya utajiri wa jumba hilo ilitoka kwenye mashamba ya watumwa Jamaika, yaliyoletwa kwa ndoa. Mjukuu wa ndoa hiyo alikuwa gavana wa Jamaika kuanzia 1834, mwaka utumwa ulipoanza kuondolewa, na kijiji cha Sligoville huko kina jina lake hadi leo.

Hatua ya 9: Gari, afya, kurudi

Wanaendesha kushoto kama sisi, lakini barabara za ndani ni nyembamba na kuta za mawe ziko jirani na kioo chako. Kabla ya kukodi gari hakikisha una kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Mimi nilikuwa na kadi ya benki ya kawaida, pesa zimo, na kampuni moja ilikataa kunipa gari nililokwisha kulilipia. Magari mengi ni ya gia. Yanayojibadilisha gia yenyewe ni ghali zaidi.

Dharura piga 112 au 999. Hospitali kubwa ya karibu iko Castlebar. Dawa unazotumia beba za kutosha pamoja na karatasi ya daktari.

Usipange kurudi Jumapili jioni. Treni ya Dublin saa hizo hujaa wanafunzi wanaorudi vyuoni, mabegi ya nguo safi za kwa mama yao hadi mlangoni. Kata tiketi ya Jumatatu asubuhi, na Jumapili usiku ukasikilize fidla.